Bakuli Ambalo Glenys Hakuligeuza

Ukimwalika Glenys Trembath chakula, usijisumbue kupika vizuri. Kitu cha kwanza atakachofanya ni kuinua sahani tupu uliyomwekea, kuigeuza, kusoma muhuri wa kiwanda ulio chini yake, kisha kuirudisha mezani kwa uso wa daktari aliyeona majibu ya vipimo na hataki kukutisha. Sahani zangu zina ugonjwa usio na dawa. Zilinunuliwa dukani mwaka juzi, zikiwa mpya. Tangu agundue hilo, Glenys akija kwangu anakula mkate na jibini akiwa amevishika mkononi.

Naitwa Rex Hannaford. Jumapili ya pili ya kila mwezi kuna gulio kwenye uwanja wa mpira wa Wirrabeen, na meza yangu imekuwa jirani na ya Glenys miaka ishirini na miwili. Mimi nauza zana: randa, patasi, misumeno iliyochoka, na funguo za milango ambayo haipo tena. Yeye anauza vyombo vya jikoni vya zamani: mabakuli, mabirika, makopo ya unga na sukari, mizani, na vikombe vya bati vya rangi ambavyo bibi zetu walivitupa kwa furaha na wajukuu zao wanavinunua kwa machozi. Watu wanatoka Melbourne, mwendo wa saa mbili, kuja kulipa dola arobaini kwa kitu ambacho mama zao walikitumia kulishia kuku. Wakishalipa wanakibeba kwa mikono miwili, polepole. Sisi tunajikaza, hatucheki mpaka wafike kwenye magari yao.

Biashara aliianza bila kukusudia. Mumewe, Trevor, aliondoka mwaka mmoja wa ukame na mwanamke wa Mildura, akamwachia gari la mizigo na kabati lililojaa vyombo. Glenys aliuza vyombo, kisha akauza kabati, akagundua kwamba amepata pesa nyingi kuliko alizowahi kuletewa na Trevor. Gari analo hadi leo. Ukimuuliza habari za mume, atakueleza habari za kabati: mbao za mwerezi, vishikio vya shaba, droo zisizokwama. Anasema kosa lake pekee katika ndoa ile ni kuliuza mapema mno.

Sasa ana miaka sitini na tisa. Ni mfupi, mkavu, na ana kofia ya sufu yenye tundu ambalo hataki kulishona kwa sababu, kwa maelezo yake, ni tundu la zamani. Nyumbani kwake huwezi kukaa kabla hujahamisha kitu. Mabirika yako kwenye beseni la kuogea. Upande wa kitanda uliokuwa wa Trevor umepangwa mashine za kusagia nyama, na anasema hazikoromi.

Kipaji chake hasa ni maneno. Hakuna bakuli mezani kwa Glenys lisilo na ukoo.

"Hili lilikuwa la mama mmoja wa Swan Hill," nimemsikia akimwambia msichana wa mjini aliyevaa viatu vya shamba ambavyo havijawahi kuona shamba. "Watoto tisa, mume mgonjwa. Kila Jumamosi alikandia mkate humu. Vita vilipoisha, wanawe wote wanne wa kiume walirudi siku moja, wakakuta unga umeumuka."

"Jamani," msichana akasema, mkono kifuani.

"Ndiyo hivyo, mpenzi. Dola hamsini na tano."

Msichana alipoondoka nikamuuliza, "Bakuli lenyewe si ulilinunua Alhamisi kwenye duka la mitumba la kanisa?"

"Dola mbili."

"Na huyo mama wa Swan Hill?"

"Mbona unanihoji kama polisi? Lazima lilikuwa la mtu."

Na kweli lilikuwa la mtu, na hata jina la mtu huyo lilikuwepo mpaka Jumamosi mchana. Huo ndio ufundi wa Glenys ambao watu wa Melbourne hawauoni. Kwetu huku ukialikwa kwenye shughuli ukumbini, iwe harusi, msiba au kumuaga mwalimu, unaambiwa uje na sahani, na maana yake uje nayo ikiwa na chakula. Sahani hamsini zinapangwa kwenye meza moja. Ili yako isiishie kabatini kwa jirani, unabandika utepe chini yake na kuandika jina lako. Ndiyo maana nusu ya vyombo vya zamani vya wilaya hii vina majina makalioni: Mavis, Bibi Treloar, Edna, Jean wa Posta. Mnunuzi hayataki. Mnunuzi anataka historia, lakini hamtaki Edna. Basi kila Jumamosi kabla ya gulio Glenys anakaa barazani na kitambaa na chupa ya mafuta ya mkaratusi, anawafuta akina Edna mmoja mmoja. Gari lake linanuka mkaratusi, mikono yake inanuka, hata noti zake zinanuka. Siku moja nilimhesabia, akawa amefuta kumi na wanne kabla ya chai.

"Utepe ukibaki, bei inashuka nusu," alinifundisha. "Mteja akiona jina la mtu anajiona kama ameiba."

Glenys ana dada mmoja tu, Coral, aliyemzidi miaka minne. Shamba la Coral liko Dunmoral, dakika ishirini kwa gari, na kwa miaka kumi na tisa Glenys hakukanyaga huko. Sababu ni bakuli. Najua utasema haiwezekani ndugu wa tumbo moja wakanyamaziana miaka kumi na tisa kwa ajili ya bakuli. Basi hujawahi kuzika mama mwenye vyombo.

Lenyewe ni bakuli kubwa la kuchanganyia, rangi ya haradali nje na nyeupe ndani, limemeguka ukingoni upande mmoja. Mama yao alilitumia mara moja kwa mwaka, kwa pudini ya Krismasi, na kila aliyekuwa ndani ya nyumba alilazimika kukoroga huku akinuia jambo moyoni. Gulioni lingeuzwa dola thelathini, na hapo Glenys awe amesema sana.

Mama alizikwa siku ya Jumanne. Baada ya maziko watu walirudi kwenye ukumbi wa kanisa kunywa chai, na Glenys, aliyekuwa amelia mpaka macho yakavimba, akajikuta amesimama mbele ya meza ya sandwichi. Sahani iliyokuwa karibu naye ilikuwa ya zamani sana. Mkono ukaenda wenyewe. Aliiinua, akaigeuza kidogo tu ili achungulie, na sandwichi za mayai zikateremka zote kwenye viatu vya mchungaji.

Coral akasema mbele ya ukumbi mzima, "Mama hajamaliza hata saa moja kaburini, wewe unathamini vyombo."

Glenys akasema hakuwa anathamini kitu. Kisha akasema, na hapo ndipo alipoharibu, kwamba yeye katika vitu vyote vya mama anataka kimoja tu, lile bakuli la pudini.

"Ili uliuze," Coral akasema.

Hilo ndilo neno lililobaki. Glenys ameitwa mengi gulioni, mwongo, mnyonyaji, kunguru, na yote anayapokea kama salamu. Hilo moja lilimkaa kooni. Amenihadithia mara nyingi, na kila mara anamalizia vilevile: "Rex, mimi naweza kuuza meno yangu ya bandia yakiwa mdomoni. Lile nisingeliuza." Coral alilipeleka bakuli kwake Dunmoral, na tangu siku hiyo hakuna aliyempigia mwenzake simu.

Mwaka huu, mwezi wa Aprili, tangazo la mnada likabandikwa kwenye dirisha la duka la nyama. Mume wa Coral alikuwa ameshafariki, shamba limepata mnunuzi, na yeye anahamia nyumba ya wazee huko Bendigo, kwenye chumba kinachoingia kitanda na kiti. Vitu vyote vya shambani na vya nyumbani vingepigwa mnada Jumamosi. Nikampelekea Glenys habari. Akanijibu kwamba hana haja, ana kazi nyingi, na Jumamosi ni siku yake ya mafuta.

Jumamosi saa moja asubuhi alikuwa ameketi ndani ya pikapu yangu, kofia kichwani.

"Naenda kuangalia tu," akasema.

"Sijauliza."

Tukaenda kama kilomita tano. "Kama lipo, nitalinunua kama mtu mwingine yeyote," akasema. "Simwombi. Na asijue kama nalitaka. Akijua, ataliondoa mnadani ili mradi tu nilikose."

"Asijue unalitaka? Glenys, watu wa wilaya tatu wanajua unalitaka."

"Endesha gari, Rex."

"Na ukilipata?"

Akatazama dirishani. "Nikilipata nitakuwa nalo," akasema.

Kwenye mnada wa shambani vitu vikubwa, matrekta na majembe yake, vinasimama kwa mistari kwenye malisho. Vyombo vizuri vinapangwa kwenye meza ndefu na kuuzwa kimoja kimoja. Takataka za jikoni zinajazwa kwenye maboksi chini ya meza na kuuzwa boksi zima, liwe lilivyo. Akina mama wa kanisa wanauza soseji ndani ya mkate kando ya banda. Nzi ni bure.

Coral alikuwa barazani, kwenye kiti cha kukunja, blanketi magotini, anatazama maisha yake yakibandikwa namba. Hakutupungia mkono. Glenys alimtupia jicho mara moja, kama anavyotazama mawingu kabla ya kuanika nguo, kisha akageukia meza.

Bakuli lilikuwa kitu cha kwanza kabisa. Sitii chumvi: meza ya kwanza, kona ya kwanza, peke yake, na hakuna kilichowekwa karibu nalo. Halikuwa hata na namba. Mimi ninayejua misumeno tu niliona kwamba lile halikukaa pale kwa bahati. Glenys akasimama.

Mtu yeyote anayemfahamu angekuapia kwamba sasa ataligeuza. Huyu amegeuza sahani za askofu. Amegeuza kisahani cha paka kwa daktari wa mifugo, paka akiwa bado anakunywa. Lakini wakati uleule, kutoka upande wa matrekta, akatokea Fabian.

Fabian ni mfanyabiashara wa Melbourne, mwenye ndevu zilizopakwa mafuta na duka lenye vitu sita, kila kimoja kikimulikwa na taa yake. Vyombo havijui. Anamjua Glenys. Mbinu yake yote ya biashara ni kusimama hatua tano nyuma yake na kutazama mkono wake. Glenys akigeuza kitu, Fabian anakinunua. Kwa hiyo Glenys hakuligeuza. Alipiga chafya, akainama kama mtu anayefunga kiatu, na bakuli likatoka mezani likaingia kwenye boksi lililokuwa chini, akalifunika kwa vifuniko vya chupa za jamu na magazeti ya ufumaji. Ni hila ya zamani, imekatazwa, na kila mwenye meza gulioni ameshaifanya, mimi nikiwemo. Ilichukua sekunde nne. Niliona fahari kufahamiana naye.

Nikageuka kumtazama Coral. Alikuwa anatutazama sisi. Akafumba macho kama mtu aliyeguswa jino bovu.

"Amekuona," nikamnong'oneza Glenys.

"Hajaona kitu. Macho yake mabovu tangu utotoni."

Dalali, Des Quilty, alianza na matrekta, kama ilivyo desturi, ili wanaume wachoke mapema. Saa tano akafika kwenye vyombo. Pale kwenye kona ya kwanza akasimama, akapapasa meza tupu kwa kiganja.

"Hapa palikuwa na bakuli," akasema, akamtazama Coral kule barazani. Coral akainua mabega. Des naye akainua ya kwake, akaanza na namba moja.

Boksi la vifuniko lilikuwa namba hamsini na nane.

"Vifuniko vya jamu na mazagazaga mengine," Des akatangaza. "Nani ananipa tano?"

Mama mmoja, aliyekuja kwa ajili ya vifuniko vya jamu na si jambo jingine lolote duniani, akainua mkono. Glenys akasema kumi. Mama wa jamu akasema kumi na mbili. Glenys akasema ishirini. Mama wa jamu akamkodolea macho, maana alishazoea vifuniko vya bei ya kawaida, akatikisa kichwa na kujitoa.

Ingeishia hapo. Lakini Fabian alikuwa hatua tano nyuma, na Fabian, asiyejua tofauti ya kaure na kigae cha choo, anajua jambo moja: Glenys hapiki jamu.

"Thelathini," akasema.

"Arobaini," akasema Glenys, akitazama angani.

"Sitini."

"Umeangalia kilichomo, bwana?" Des akamuuliza.

"Vifuniko," Fabian akajibu, kwa sauti ya mtu anayejua mengi.

"Sabini," akasema Glenys.

Walikwenda hivyo mpaka mia moja na themanini. Watu waliacha soseji zao. Wazee ambao siku za kuuza mashamba yao hawakuinua hata kope walisogea karibu kuona vifuniko vya jamu vikipandishwa bei. Mama wa jamu akamuuliza mwenzake kama na yeye alete vya kwake. Kwenye mia na themanini Fabian akamtazama Glenys usoni atafute chochote. Hakukuta kitu, kwa sababu Glenys alikuwa amevaa uso wake wa gulioni. Fabian akaingiwa na hofu kwamba anachezewa, akaacha.

"Vimeuzwa," Des akasema. "Kwa Glenys Trembath. Na mimi naomba nionje hiyo jamu."

Tukalibeba boksi mpaka kwenye pikapu. Akaondoa magazeti, akaondoa vifuniko, akalitoa bakuli. Akapitisha kidole pale palipomeguka ukingoni.

"Nililimegua mimi," akasema. "Nilikuwa na miaka saba. Coral akajitwika kosa, akamwambia mama ni yeye."

Kisha, kwa mazoea tu, akaligeuza.

Chini kulikuwa na kipande cha plasta, ile ya kufungia vidonda, kimegeuka rangi ya chai. Mama yao hakuwahi kununua utepe maishani mwake. Alisema plasta ipo na haina kazi mpaka mtu aumie. Juu ya plasta, kwa kalamu ya bluu, kwa yale maandishi ya kulala ya mama yao ambayo Glenys alishanionyesha kwenye daftari la mapishi, kulikuwa na jina moja. Glenys.

Vyombo vya wilaya nzima amevigeuza, lakini lile hakuwahi kuligeuza hata siku moja miaka yote mama yake alipokuwa hai, kwa sababu kwake halikuwa bidhaa, lilikuwa bakuli la mama na halikuhitaji kuthibitishwa. Sasa alikuwa amenunua kitu chake mwenyewe kwa dola mia na themanini, na pesa zinakwenda kwa dada yake.

Akakaa nyuma ya pikapu, miguu inaning'inia, dakika kadhaa. Kisha akateremka na kuanza kutembea, amelikumbatia, akakata malisho katikati mbele ya Des na Fabian na mama wa jamu na yeyote aliyetaka kuona. Nilimfuata kwa sababu sina adabu.

Coral hakuinuka.

"Mia na themanini," akasema. "Umepigwa."

"Ulijua?"

"Nini?"

"Usinichezee, Coral. Ulijua kwamba lina jina langu?"

Coral akalinyoosha blanketi lake. "Ile siku ya msiba sikujua. Nililiona wiki moja baadaye, nilipotaka kulipandisha kabatini."

"Wiki moja." Sauti ya Glenys ikapanda. "Miaka kumi na tisa, Coral. Namba yangu ya simu unaijua. Haijabadilika."

"Najua."

"Basi?"

"Basi nilikuwa nimeshasema utaliuza, mbele ya ukumbi mzima. Ningepiga simu niseme nini? Kila Krismasi nilisema, mwaka huu nampelekea. Ikafika miaka mitano, na baada ya miaka mitano mtu anaona haya." Akaelekeza kidole kwenye ile meza. "Nikaliweka pale. Mwanzo kabisa, peke yake. Nilimwambia Des asiliguse. Nikajisemea, Glen akija atafanya kitu kimoja, ataligeuza. Kwenye msiba wa mama hukuweza kujizuia. Nimekaa hapa tangu saa kumi na mbili asubuhi nakusubiri uligeuze, na wewe ukalitia kwenye vifuniko."

"Kulikuwa na Fabian," Glenys akasema. Ilikuwa kweli, na haikumsaidia.

"Nilimwona."

"Kwa nini sasa hukusema? Umeniacha napandishana bei na lile lijitu."

"Nilitaka kuona utafika wapi." Coral akainua uso, akamtazama sawasawa kwa mara ya kwanza. "Mtu mwenye nia ya kuuza angeacha kwenye thelathini."

Glenys akaliweka bakuli kwenye mapaja ya dada yake, pale palipomeguka pakamwelekea yeye mwenyewe.

"Lina vumbi," akasema. "Hulitumii?"

"Sijalitumia hata mara moja."

"Na pudini?"

"Nilinunua ya dukani." Coral alilisema hilo kama mtu anayekiri wizi. "Ningelitumia, ningeliosha. Ningeliosha, jina lingetoka."

Glenys akakaa kwenye mbao za baraza, akajifunika uso kwa ile kofia yenye tundu, akalia kwa sauti bila kumjali Fabian wala mtu mwingine. Coral akamwekea mkono kichwani akawa anampigapiga taratibu, huku akiniuliza mimi kama nimekuja kwa ajili ya patasi za marehemu au nimekuja kutoa macho. Nikaenda kununua soseji.

Pesa Coral hakurudisha. Alisema mnada ni mnada, na chai ya nyumba ya wazee ni mbaya, atajinunulia ya kwake. Bakuli liko kwa Glenys, juu ya friji, halijaoshwa. Kila Ijumaa anaendesha gari mpaka Bendigo, na huko anageuza vikombe vya wazee wa watu. Wahudumu walilalamika. Coral akawaambia wamwache, mdogo wake ni mgonjwa.

Gulioni sikutegemea mabadiliko yoyote. Lakini Jumapili ya mwezi wa Juni alipanga vyombo vyake na sikusikia harufu ya mkaratusi. Mwanamume mmoja wa mjini akachukua sahani ya keki, akaigeuza kama walivyojifunza wote kutoka kwake, akakuta utepe.

"Huyu Edna ni nani?" akauliza.

Nikajiweka sawa kusikiliza. Nilitegemea watoto tisa, au angalau mafuriko. Glenys akaichukua sahani, akausoma ule utepe.

"Simjui," akasema. "Ningependa kumjua."

Mteja akasema bei ni kubwa mno kwa kitu chenye jina la mtu mwingine, akaenda meza ya pili. Glenys akaifuta sahani vumbi kwa pindo la sweta, upande wa juu tu, akairudisha mahali pake.